Ijue Ardhi Kabla ya Kuinunua: Taarifa za Mtaa na Haki ya Mnunuzi

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi wa Kata ya Kunduchi, Manispaa ya Kinondoni



Jambo lililotukutanisha leo ni namna mwananchi wa kawaida, asiye mwanasheria wala mpima ardhi, anavyoweza kutumia taarifa zilizopo wazi ili aujue mtaa anaokusudia kununua kiwanja, kujenga au kupanga nyumba.

Katika maisha ya wengi wetu hakuna manunuzi mazito kuliko haya. Mtu hujinyima miaka kumi au kumi na mitano, huchukua mkopo katika SACCOS, huuza mifugo ya urithi, kisha jasho lote hilo hulikabidhi kwa mtu mmoja ndani ya alasiri moja. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akinunua simu huiwasha, huijaribu, huuliza dhamana yake na kudai risiti. Akinunua kiwanja huridhika na sentensi tatu za dalali: kipo karibu na lami, maji yanakuja, na kuna mteja mwingine aliyeahidi kulipa kesho.

Sisemi kwamba dalali ni adui. Dalali ana kazi yake, na wapo waaminifu. Lakini kazi yake ni kuuza, na anayelipwa kwa kuuza hawezi kuwa ndiye pekee anayekueleza ubaya wa kinachouzwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo mnunuzi awe na maswali yake na mahali pake pa kupata majibu. Maswali hayo ni manne: Watu na huduma za mtaa huu zikoje? Ardhi hii ni ya nani? Imepangiwa matumizi gani, na ina hatari gani? Na thamani yake ni kiasi gani?

Kunduchi ni moja, mitaa ni mingi

Tuanze na hapa tulipo. Mtu wa mbali akisikia jina la Kunduchi huona ufukwe na hoteli. Sisi tunajua kwamba ndani ya kata hii kuna kijiji cha kale cha wavuvi, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yanayolindwa kwa sheria za mambo ya kale, kuna maeneo ya Mtongani yaliyochimbwa kokoto na mawe kwa miaka mingi, kuna Ununio yenye viwanja vikubwa, na kuna Tegeta yenye biashara zinazofuata Barabara ya Bagamoyo. Viwanja viwili vilivyoachana kwa mwendo wa dakika kumi vinaweza kutofautiana katika milki, maji, njia na usalama kana kwamba viko katika miji miwili.

Kwa hiyo anayekwambia “bei ya Kunduchi ni kiasi fulani” hajakwambia kitu. Wastani wa kata nzima haumfai mnunuzi wa kiwanja kimoja. Uliza taarifa za mtaa, na ikiwezekana za kitalu chenyewe.

Sensa ni mali yetu, tujifunze kuisoma

Ofisi ya Taifa ya Takwimu huchapisha matokeo ya sensa, na mtu yeyote huweza kuyasoma bila malipo katika tovuti yake. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu na pia majengo, ikapata majengo zaidi ya milioni 14 nchi nzima. Katika machapisho hayo utakuta idadi ya watu hadi ngazi ya kata, na katika ngazi za juu zaidi hali ya nyumba, vyanzo vya maji na nishati. Idadi ya watu katika kata unayoitaka itakusaidia kukadiria kama shule na zahanati ulizoziona zinatosha.

Lakini takwimu huhitaji jicho la tahadhari. Sensa ya 2012 inaonyesha kuwa Wilaya ya Kinondoni ilikuwa na watu 1,775,049. Ile ya 2022 inaonyesha watu 982,328. Msomaji wa haraka atasema Kinondoni imekimbiwa na karibu nusu ya watu wake, na dalali mwerevu anaweza kukwambia kwamba ndiyo sababu bei imeshuka. Ukweli ni kwamba baada ya sensa ya 2012 wilaya iligawanywa, na Ubungo ikawa wilaya peke yake. Ukijumlisha Kinondoni ya sasa na watu 1,086,912 wa Ubungo unapata 2,069,240. Watu wameongezeka kwa karibu laki tatu.

Temeke nayo ni hivyohivyo. Mwaka 2012 ilikuwa na watu 1,368,881, na mwaka 2022 ilikuwa na 1,346,674. Inaonekana kama imepungua kidogo. Jumlisha watu 317,902 wa Kigamboni, iliyomegwa kutoka Temeke, utaona kuwa eneo lilelile limefikia watu 1,664,576.

Funzo lake ni jepesi: kabla ya kulinganisha namba mbili, hakikisha zinahusu mipaka ileile. Kata nazo hugawanywa. Muulize mtendaji wa kata yenu mipaka ilibadilika lini.

Ardhi hii ni ya nani?

Swali la pili ndilo linaloliza watu wengi. Katika nchi yetu ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 imeeleza jinsi mwananchi anavyopewa haki ya kuimiliki kwa muda. Kwa hiyo unaponunua kiwanja chenye hati unanunua haki iliyobaki katika muda huo. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1995 inakoma mwaka 2028, na anayeuziwa leo hanunui miaka 33. Tarehe ya kuanza imeandikwa ndani ya hati, nanyi mna haki ya kuisoma kabla ya kuhesabu fedha.

Mtaani mtaonyeshwa nyaraka za aina nyingi, nazo hazina uzito mmoja. Hati miliki iliyosajiliwa ndiyo yenye nguvu kubwa. Barua ya toleo inaonyesha kuwa mtu alipewa kiwanja kwa masharti, na lazima ujue kama aliyatimiza. Leseni ya makazi, ambayo hutolewa katika maeneo ambayo hayajapangwa, ni ya kipindi kifupi na huhitaji kuhuishwa. Mwisho kuna karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Mhuri huo una maana ya kwamba viongozi walishuhudia watu wawili wakikubaliana. Hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye mali, wala haubadilishi jina katika daftari la Serikali.

Njia ya kuthibitisha ni upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Tangu mwaka 2020 huduma hizi zimesogezwa katika ofisi za ardhi za mikoa, na Dar es Salaam inayo ofisi yake. Unachohitaji ni namba ya hati, au namba ya kiwanja, kitalu na eneo. Utajaza maombi, utalipia ada kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na utapewa majibu kwa maandishi: jina la mmiliki, ukubwa wa kiwanja, muda wa milki, na kama kuna rehani ya benki au zuio lolote. Fanya upekuzi huu wewe mwenyewe au wakili wako. Usikubali kuletewa majibu ya upekuzi na mtu anayekuuzia.

Yapo mambo mawili ambayo daftari peke yake halitakueleza. La kwanza ni ndoa. Sheria inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ya kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia, hata kama jina lililoandikwa ni moja. La pili ni mirathi. Ardhi nyingi ya asili katika ukanda huu wa pwani imerithiwa kutoka kwa mababu. Mtoto mmoja wa marehemu hana mamlaka ya kuuza mali ya ndugu wote. Mwambie akuonyeshe hati ya mahakama iliyomteua kuwa msimamizi wa mirathi, kisha nenda ukawaone ndugu zake. Wengi waliofika katika Baraza la Ardhi na Nyumba wakiwa na karatasi mkononi na bila kiwanja waliruka hatua hizi mbili.

Imepangiwa nini, na ina hatari gani?

Kiwanja chaweza kuwa halali kabisa na bado kisikufae. Katika ofisi ya mipango miji ya manispaa kuna mchoro wa eneo unaoonyesha sehemu za makazi, biashara, shule, makaburi, viwanja vya wazi na njia. Uombe uonyeshwe mchoro huo na ramani ya upimaji. Kisha rudi uwandani na mpima ardhi aliyesajiliwa, mkazitafute alama za mipaka. Pori zuri lililo mbele ya nyumba yako, ambalo muuzaji anasema ni la kuchezea watoto, huenda limepangiwa barabara.

Kwa upande wa barabara, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Zipo barabara zenye kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 2017 mamia ya nyumba kando ya Barabara ya Morogoro, Kimara na kuendelea, zilibomolewa kwa kuwa hifadhi ya pale ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Wengi wa waliobomolewa walikuwa wameishi pale miaka mingi, wakilipa kodi na umeme. Kwa hiyo usipime kwa macho. Uliza TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, na TARURA kwa barabara za mitaa. Ukiona alama ya X ukutani, usiridhike na maelezo ya mwenye nyumba. Kwa desturi nyekundu imewekwa kwa jengo lililo ndani ya hifadhi ya zamani, lisilostahili fidia, na ya kijani kwa lililoguswa na nyongeza ya mwaka 2007. Hapa kwetu, pale miundombinu ya mabasi yaendayo haraka inapoelekea Tegeta, swali hili ni la leo, si la kesho.

Kwa upande wa maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa mto. Wapo wanaouza viwanja “vya kugusa bahari” kama kwamba sheria hiyo haipo. Na bahari yenyewe ina hesabu zake. Mmomonyoko wa fukwe za Kunduchi umechunguzwa na wataalamu kwa miongo kadhaa, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uchimbaji wa mchanga katika mito inayoulisha ufukwe. Hoteli ya Africana, iliyokuwa jirani zetu ufukweni, iliathiriwa na bahari hadi ikaachwa, na jina lake sasa tunalisikia zaidi kwa makondakta wa daladala. Kabla ya kununua karibu na maji, watafute wavuvi wazee wawili au watatu, uwaulize ufukwe ulikuwa wapi walipokuwa vijana. Hiyo nayo ni taarifa, ingawa haina jedwali.

Mabonde nayo yana historia. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu katika mkoa huu, na waathirika wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 nyumba nyingine zikabomolewa katika Bonde la Msimbazi. Mradi wa Ramani Huria, uliowatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora kata nyingi za Dar es Salaam, umeonyesha mifereji, mito, njia na majengo, na ramani zake ziko wazi kwa umma. Zitazame. Kisha nenda kwenye kiwanja siku ya mvua ya masika. Anayeuza hupenda kukupeleka kiangazi.

Huduma nazo zithibitishwe kwa wenye huduma. Kupimwa kwa kiwanja hakuna maana kwamba maji na barabara vimefika. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima maeneo kama Bunju na Mbweni upande huu, na Tuangoma na Kibada upande wa kusini, na wapo waliomiliki viwanja halali huko huku wakisubiri huduma kwa muda mrefu. Waulize DAWASA na TANESCO: bomba na nguzo ya karibu ziko umbali gani?

Thamani yake ni kiasi gani?

Sasa bei. Bei inayotajwa katika tangazo ni matumaini ya muuzaji. Bei iliyolipwa ndiyo habari ya soko. Ili kuijua, waulize wakazi walionunua katika mwaka uliopita ndani ya mtaa huohuo, si chini ya watano, wakueleze walilipa kiasi gani na kwa ukubwa gani. Mthamini Mkuu wa Serikali naye ana viwango elekezi vya thamani ya ardhi kwa maeneo mbalimbali. Waweza kuulizia katika ofisi ya ardhi. Na kwa manunuzi makubwa, ajiri mthamini aliyesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2016.

Kila bei uigeuze kuwa bei ya mita moja ya mraba. Tuseme, kwa mfano tu, kiwanja cha mita za mraba 600 kinauzwa shilingi milioni 60, na cha mita 400 kinauzwa milioni 48. Cha pili kinaonekana nafuu. Gawanya: cha kwanza ni shilingi 100,000 kwa mita, cha pili ni 120,000. Huenda cha pili kina hati na maji, na tofauti hiyo ni halali. Huenda hakina. Lakini sasa unajua unacholipia.

Tujihadhari pia na kipimo cha hatua za miguu. Kiwanja cha “hatua 20 kwa 20” kikipimwa na mtu mwenye hatua ya sentimita 90 kina mita za mraba 324. Kikipimwa kwa hatua ya sentimita 70 kina 196. Neno ni lilelile, na mita 128 zimepotea. Beba utepe wa kupimia.

Kwa wapangaji

Mpangaji naye ni mlaji, na maswali haya yanamhusu. Ajue nani ndiye mwenye nyumba, kabla ya kumpa mtu kodi ya miezi sita. Adai mkataba wa maandishi na risiti. Ajue pia kwamba kodi ya majengo ni wajibu wa mwenye nyumba, ingawa hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Tangu Julai 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida ni shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kwa mwezi, na kwa ghorofa ni 90,000 kwa kila sakafu mijini. Mpangaji anayekatwa fedha hizo akubaliane na mwenye nyumba zirejeshwe katika kodi ya pango, na makubaliano hayo yaandikwe. Nyumba moja ikiwa na mita kadhaa za umeme na zote zinakatwa, taarifa ipelekwe kwa mamlaka inayokusanya kodi hiyo.

Ndugu wananchi,

Kazi yote hii huchukua majuma machache na gharama ndogo ukilinganisha na fedha zinazolindwa. Muuzaji mkweli hataikataa. Anayekuambia kwamba kesho kiwanja kitakuwa kimekwenda, mwache kiende. Kila ulichokipata, yaani majibu ya upekuzi, nakala ya ramani, risiti, majina ya mashahidi na bei za majirani, kiweke katika jalada moja, na mwenzi wako na watoto wako wajue liliko. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mkikwama, ofisi za mtendaji wa mtaa, ofisi ya ardhi ya manispaa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ziko kwa ajili yenu. Nendeni kabla ya kulipa. Baada ya kulipa, mtakwenda hukohuko mkiwa na mzigo mzito zaidi.